Mtoto anaogopa usiku: jinsi ya kumzoesha kulala kitandani kwake

Kanzu ya baba yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kofia juu yake. Mchana ni kanzu tu. Saa 3 usiku, taa ikishazimwa na feni ikianza kuipepea, mwanangu alikuwa anaona mzee mrefu asiye na uso akiinama na kuinuka.

Ilinichukua siku 5 kujua. Siku zote hizo nilikuwa nafungua mlango, kanzu inajificha ukutani nyuma ya huo mlango, halafu nasimama pale kwa kujiamini kabisa: "Hakuna kitu, baba, lala." Na kweli pale niliposimama hakukuwa na kitu. Nilikuja kumwona huyo mzee siku niliyojilaza mwenyewe kwenye kile kitanda cha futi 3 kwa 6, kichwa juu ya mto wake, mlango umerudishiwa.

Basi kabla ya hatua yoyote, fanya hivyo leo: lala kitandani kwa mtoto usiku, taa imezimwa, kwa dakika 10. Tazama anachotazama. Sikiliza anachosikia.

Kabla hujahamisha godoro

Tuseme ukweli. Kwetu watoto wengi hulala na mama mpaka mdogo wao azaliwe, kisha huhamia kwa bibi au kwa dada zao, na wamekua vizuri tu. Mtoto wa miaka 2 kulala na wewe si ugonjwa. Kama nyumba nzima inapata usingizi, usijitafutie kazi kwa sababu jirani kasema mwanawe alihama akiwa na mwaka mmoja. Haya nayaandika kwa mama ambaye mimba imefika miezi 6 na mateke ya usiku yanampata tumboni, kwa mzazi anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi kazini, na kwa wale ambao mtoto ana kitanda chake lakini hofu inamrudisha kwenu kila usiku. Umri ninaouzungumzia ni miaka 2 hadi 5 hivi. Mtoto mchanga simzungumzii hapa. Yeye mahali pake ni chumbani kwako.

Na ninaposema "peke yake" nina maana ya kitanda chake na chandarua chake. Kitanda hicho kinaweza kuwa chumbani kwako au kando ya kaka yake. Mtoto haogopi kuta, anaogopa kutojua uko wapi.

Usianze wiki ya kumwachisha ziwa, wala anapoanza chekechea, wala mnapohama nyumba, wala akiwa na homa. Kama kuna mtoto anakuja, hamisha miezi 2 au 3 kabla, asije akaona mdogo wake kamnyang'anya mahali.

Halafu kagua mwili, maana si kila anayelia usiku anaogopa. Minyoo midogo myeupe mithili ya nyuzi hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa, na kuwasha kwake humfanya mtoto ajigeuze-geuze na kulia bila kueleza. Mulika tochi hapo zikishapita saa 2 au 3 tangu alale. Ukiiona, nendeni kituo cha afya mpate dawa nyumba nzima, la sivyo mtaambukizana upya. Mtoto anayekoroma kila siku, au anayekata pumzi kidogo kisha kushtuka, apelekwe akaangaliwe vinyama vya nyuma ya pua. Kikohozi kinachozidi usiku nacho kina dawa yake, na dawa hiyo si hatua zilizo hapa chini.

Jambo moja nalisema bila kupindisha: usimpe dawa ya mafua ili alale. Najua inafanyika. Ni dawa, ina kipimo chake na madhara yake, na asubuhi hofu iko palepale.

Ijue hofu yenyewe

Kati ya miaka 2 na 3 akili ya mtoto inapata uwezo mpya, wa kuona kitu kisichokuwepo. Ndiyo inayomwezesha kuendesha kifuniko cha sufuria kama daladala. Uwezo huohuo ukikutana na giza unatengeneza mzee nyuma ya mlango, na bado hajaweza kutenganisha alichokiona na alichokiwaza. Kwa hiyo hofu hii huja kwa sababu anakua. Mtoto aliyelala vizuri mwaka mzima akianza ghafla kulia, usikimbilie kusema kadekezwa.

Muulize mchana, siyo usiku, na usiulize "unaogopa zimwi?" Ukilitaja wewe, kesho litakuwepo. Mwambie tu: "Nionyeshe wapi." Watoto hawawezi kueleza lakini kidole wanacho. Wangu alionyesha mlango, nami nikadhani anamaanisha korido.

Zikague na kelele. Paka wanaopigana juu ya bati, panya darini, embe likidondoka, na huku pwani kuna komba. Usipomjua utaapa kuna mtoto mchanga ametupwa kwenye mwembe. Kila kelele ipe jina na mwenyewe. Komba tulimtafuta kwenye picha, tukaona macho yake makubwa, tukaambiana anaita wenzake wakale matunda. Usiku ule alipolia, mwanangu alisema "ana njaa" na kugeukia ukutani.

Sasa suala la bibi. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa nasi, na silaha yake ya kulaza watoto ilikuwa ileile aliyolelewa nayo: "Lala, zimwi litakusikia." Wapo wanaotumia askari, mganga, daktari wa sindano. Usimkemee mtu mzima mbele ya mtoto. Nilimfuata jikoni.

"Mama, naomba usiku tusimtajie zimwi. Anashindwa kulala."

"Mbona ninyi mlikua?"

"Tulikua, mama. Lakini mimi mpaka leo nikienda chooni usiku nawasha taa tatu."

Alicheka mpaka akakaa. Tukakubaliana hadithi za mazimwi ziwe za jioni kabla ya magharibi, na za kulalia ziwe za sungura. Mweleze vivyo hivyo dada wa kazi, na watoto wakubwa wanaopenda kumtisha mdogo wao kwa raha zao.

Nami nina kosa langu. Nilichukua chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, nikamwambia ni dawa ya kufukuza mazimwi. Usiku wa kwanza alifurahi. Usiku wa 4 maji yakaisha saa 6 usiku, na hakukubali nimalizie na ya bombani mpaka ayaone yakijazwa. Nilikuwa nimekubali kwa vitendo kwamba kuna kitu cha kufukuzwa. Kutafuta chini ya kitanda kila usiku nako ni hivyohivyo. Tazameni mara moja, mchana, mkiwa mnafagia.

Maneno yaliyotusaidia ni haya, na tuliyarudia bila kuyapamba: "Naona unaogopa. Giza linabadilisha sura za vitu. Mama yuko sebuleni, ukiniita nasikia."

Kazi ya mchana

Hapa ndipo wengi wanaporuka, wakasubiri usiku kila mtu akiwa amechoka.

Giza liwe mchezo kwanza. Fungeni mapazia mchana, washa tochi, tengenezeni kivuli cha sungura ukutani kwa vidole. Mwache yeye ashike tochi. Anayeshika tochi ndiye anayemiliki giza. Sogeza mkono karibu na tochi sungura awe tembo, usogeze mbali awe mdogo tena. Mtoto aliyeona kwa mkono wake mwenyewe jinsi kivuli kinavyokua hahitaji hotuba yako. Kisha ficha vitu 3 anavyovijua kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mvitafute pamoja, na siku nyingine avitafute wewe ukiwa mlangoni.

Mchezo wa pili ni wa kuondoka na kurudi, na kwangu ndio uliobeba mzigo wote. Mkiwa mnacheza mwambie, "Naenda kuzima jiko, narudi." Nenda kweli. Rudi kabla hajakutafuta. Mara ya kwanza hesabu mpaka 10, kesho dakika 1, keshokutwa 2. Usitoroke kwa mlango wa nyuma akiwa anaangalia katuni, hata kama ni kwenda dukani tu, kwa sababu kila ukitoroka mchana anakulinda usiku.

Mpe na mwenzake. Baada ya vita vya Lebanon vya 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Avi Sadeh akiwemo, waliwapa watoto wadogo wa Israel mdoli wa mbwa mwenye sura ya huzuni wakawaambia: huyu yuko mbali na kwao, hana rafiki, mtunze. Matokeo yao ya 2008 yalionyesha kuwa dalili za msongo zilipungua kwa watoto hao, hasa waliomshika sana mbwa wao. Miaka michache baadaye Sadeh na mwenzake walijaribu njia hiyohiyo kwa watoto wenye hofu ya usiku, nayo ikasaidia. Napenda jinsi ilivyogeuzwa: mtoto anayelindwa anapewa wa kumlinda.

Huhitaji mdoli wa dukani. Sisi tulitumia kipande cha khanga yangu niliyolala nayo wiki nzima bila kufua, ili kiwe na harufu. Kiwe kidogo kama leso, kisiwe cha kuzunguka shingo. Nilimwambia, "Hii khanga haijawahi kulala bila mimi. Utaiangalia?" Kata vipande 2, kimoja kitachafuliwa.

Chumba

Kanzu, mabegi na majaketi yaingie kabatini. Kitanda kikae mahali ambapo mtoto akifungua macho anaona mlango, na kisikae chini ya dirisha.

Mwanga uwe mdogo, wa njano au mwekundu, chini karibu na sakafu, tena nyuma ya kitu ili usitengeneze vivuli virefu. Taa nyeupe ya darini ikiwaka usiku kucha inaharibu usingizi wenyewe. Televisheni na simu zizimwe saa 1 nzima kabla ya kulala.

Usiweke mshumaa, kibatari wala dawa ya mbu ya kuwasha karibu na chandarua. Chandarua hushika moto kwa sekunde chache. Taa ndogo ya sola au ya kuchaji inatosha. Chomeka chandarua chini ya godoro mwenyewe, na umfundishe mtoto jinsi ya kukichomoa akitaka kutoka. Anayehisi amefungiwa ndani ataogopa zaidi.

Jioni

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataja usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 na 4, ukijumlisha na wa mchana. Piga hesabu. Mtoto wa miaka 3 anayeamshwa saa 12 asubuhi na kulala mchana kwa muda wa saa 1 na nusu, akipata usingizi saa 2 na nusu usiku amefikisha saa 11. Wengi wetu saa hiyo ndiyo kwanza tunapakua chakula. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hupata hofu zaidi, ingawa kwa macho anaonekana mchangamfu anayeruka kwenye makochi. Usingizi wa mchana nao usipite saa 9 alasiri.

Mfuatano wenyewe ni rahisi, ila uwe uleule kila siku: kuoga, poti, maji kidogo, chandarua, hadithi moja, dua au sala mnayoijua, taa. Dakika 30 zinatosha. Hadithi ni moja. Ukiongeza ya pili leo, kesho utadaiwa ya tatu.

Usiku wenyewe

Tenga wiki 2. Mkubaliane na baba yake, maana mmoja akikaza na mwingine akilegeza saa 8 usiku mtoto anajifunza kusubiri saa 8.

Usiku wa 1 hadi wa 3, keti kwenye kigoda kando ya kitanda, mkono juu yake. Usizungumze, usiangalie simu. Ungojee alale.

Usiku wa 4 hadi wa 6, kigoda palepale lakini mkono haupo. Akiutaka mguse kidogo, kisha uondoe.

Kuanzia wa 7 kigoda kisogee katikati ya chumba, na baada ya usiku 2 au 3 kifike mlangoni. Hapo ndipo unaanza jiko.

"Naenda kuzima jiko, narudi." Anaujua mchezo huu. Ondoka nusu dakika, rudi, mguse bega, sema "nimerudi, lala", keti. Nenda tena dakika 1. Kisha 2, kisha 5. Siri yote iko hapa: rudi akiwa bado ametulia. Ukirudi baada ya kilio umemfundisha kwamba kilio ndicho kinachokuleta. Ukirudi kabla, umemfundisha kwamba mama huja tu. Na ukisema unarudi, rudi, hata ukimkuta amelala. Mimi kuna usiku niliosinzia sebuleni nikakosa ahadi, naye akakaa macho kunisubiri. Kesho yake tulirudi kwenye kigoda.

Wapo wanaoshauri umwache alie mpaka anyamaze. Kwa mtoto asiyeogopa chochote, anayegoma tu, mzazi ataamua mwenyewe. Kwa mtoto mwenye hofu sishauri.

Akitoka kitandani mrudishe kwa mkono, sentensi moja ileile, bila mazungumzo wala ugomvi. Mara 8 kwa usiku mmoja ni kawaida mwanzoni. Kwa aliyefikisha miaka 3 na anayeibua haja moja baada ya nyingine, maji, poti, busu, mpe tiketi: kipande cha karatasi ngumu alichokichora mwenyewe, kinachomruhusu kuita au kutoka mara moja tu. Akiitumia unaichukua mpaka kesho. Wangu aliilalia ili asiimalize.

Akishtuka katikati ya usiku

Kuna mambo 3 yanayofanana kwa mbali, na kuyachanganya ni hatari.

Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri. Anaamka kweli, anakutambua, anakukumbatia, anakumbuka. Mbembeleze palepale kitandani kwake, mpe khanga yake, na mazungumzo ya ndoto yasubiri asubuhi. Ukimhamishia kwako kila ndoto, ndoto zitaongezeka.

Kitisho cha usingizi huja mapema, saa 1 hadi 3 baada ya kulala. Anapiga kelele, ameketi, macho wazi, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, lakini hakujui na anakusukuma. Wengi huona hapa jini na kukimbilia kumwagia maji. Hajaamka, sehemu ya ubongo imenasa kwenye usingizi mzito. Soma dua yako kwa sauti ya chini, mzuie asianguke, usimtikise wala kumwamsha. Kitapita kwa dakika chache na asubuhi hatakumbuka. Usimsimulie. Uchovu, homa na kibofu kilichojaa huchochea. Kikija kila usiku saa ileile, mwamshe kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo kwa wiki 2 hadi 4.

Cha tatu ni degedege. Mwili unakakamaa au kurukaruka kwa mpigo, macho yanageuka, mate yanatoka, pengine midomo inakuwa ya bluu. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke hospitali usiku uleule. Akiwa na homa, malaria ipimwe.

Kuna na hofu isiyotokana na giza. Mtoto aliyeng'atwa na mbwa, aliyeshuhudia wezi, anayesikia wazazi wakigombana usiku. Au anayemwogopa ghafla mtu fulani, au asiyetaka kuvuliwa nguo, au kubaki na fulani. Huyo usimfundishe kulala peke yake. Msikilize, mwamini, na tafuta msaada wa mtaalamu wa afya au ustawi wa jamii.

Itarudi nyuma

Umeme ukikatika, kila kitu kinasimama, feni na taa kwa pamoja. Fanyeni mazoezi: zima swichi kuu mapema jioni, mwonyeshe taa ya akiba iko wapi, aiwashe mwenyewe. Ukikatika kweli, uingie chumbani kwake kabla hajaita.

Mkisafiri kwenda kijijini atalala na binamu zake 6 kwenye mkeka na hataogopa chochote. Mwache afurahi. Mkirudi anzeni na kigoda mlangoni, kwa kawaida usiku 3 au 4 zinatosha. Akiugua lala naye, homa ikiisha rudi ulipoachia.

Sisi wiki 2 zilikuwa 5, kwa sababu ya wageni na ile chupa yangu ya maji. Kanzu sasa inakaa kabatini. Juzi nilikaa mlangoni kwenye kigoda kwa uchovu wangu tu, wala hakuniomba. Alinitazama kupitia chandarua, khanga imebanwa kwapani.

"Mama, hujazima jiko."